Fremu 8 zinalipa kodi ya majengo sawa na kanyumba kangu, ni haki kweli?

Wakuu habari, niko Mwanjelwa Mbeya. Kila mwezi LUKU (mita ya umeme) inanikata kodi hiyo 1,500 kwa nyumba ya vyumba 3, jirani yangu nyumba yake isiyo ghorofa kaigeuza fremu 8 za maduka, anakula pango kila mwezi na anakatwa 1,500 ileile, halafu mwanangu shuleni wanabanana wanne dawati moja, wa pembeni anaandikia gotini. Inaniuma sana.

Mdau wa Uyole: Ndo sheria mkuu, toka 2023 nyumba ya kawaida 18,000 kwa mwaka, ghorofa mjini 90,000 kila sakafu, thamani haiangaliwi. Hata California 2020 walipigia kura majengo makubwa ya biashara yatozwe kwa bei ya soko, hela iende shule na huduma za mitaa, ikakataliwa.

Dada wa Iringa: Mi naogopa mwenye fremu akipandishiwa kodi atamrudishia mama muuza vitenge kwenye pango. Waanze na maghorofa ya biashara, fremu ndogo waziache kwanza.

Muuliza: Hapo sawa dada, ila hela ibaki halmashauri, tuyaone madawati.