Kwa nini ugunduzi wa maabara unachelewa kumfikia mgonjwa?

Swali: Wadau naomba kueleweshwa, chanjo ya malaria ya RTS,S ilianza kutengenezwa 1987 afu WHO ikaja kuipendekeza kwa watoto 2021, miaka yote hiyo inaenda wapi jamani na watoto wanakufa?

Jibu: Mkuu majaribio yana hatua, usalama kwanza, dozi, afu maelfu ya watoto wafuatiliwe, hapo huruki. Kinachouma ni hela, ugonjwa wa maskini makampuni hayaukimbilii.

Jibu: Naongezea, hata dawa ikiwepo bado kazi ipo. Cheki ORS, ule mchanganyiko wa maji, chumvi na sukari anaokunywa mtu anayeharisha, miaka ya 60 walishajua glukosi inasaidia utumbo kufyonza chumvi na maji, ila ilibidi kipindupindu kilipuke kambi za wakimbizi wa Bangladesh kule India 1971, dripu zikaisha, Dk. Dilip Mahalanabis akaamua wapewe ya kunywa, ndugu zao ndo wakawa wanawanywesha, vifo vikashuka toka kama asilimia 30 hadi chini ya 4!

Muuliza swali: Aisee, kumbe ndugu tu wakielekezwa wanaweza. Sasa mbona watafiti hawawashirikishi watu hao tangu mwanzo?