Naomba ushauri: mchango wa mazoezi tiba ya mtoto, Igombe

Habari zenu wakuu. Mtoto wa miaka 3 hapa mwaloni (ufukweni wanaposhushia samaki) kwetu Igombe, Mwanza, ana mtindio wa ubongo, na hana bima. Anatakiwa mazoezi ya viungo mara 2 kwa wiki, wiki 26: vipindi 52 kwa 15,000 ni 780,000, nauli 208,000, viatu vya kushikilia vifundo 250,000. Jumla 1,238,000. Viatu tumeviweka mwisho makusudi, maana mguu unakua. Ukivipima mapema vinambana kabla hajavitumia.

Shida ni mtiririko wa hela. Harambee ya siku moja huleta ahadi nyingi, fedha kidogo, na mazoezi yakikatika misuli inakaza tena, kazi inarudi nyuma. Wavuvi wa dagaa wana hela wakati wa giza. Mbalamwezi ikikomaa taa hazivuti dagaa, mifuko inakauka. Tunafikiria 2,000 kwa kila mtumbwi kila giza, mweka hazina alipe kliniki moja kwa moja, risiti zibandikwe mwaloni.

Naombeni ushauri: laini ya kupokelea isajiliwe kwa jina la mama au la kikundi? Na aliyewahi kupata msamaha wa gharama kupitia ustawi wa jamii hospitalini, alipeleka barua za nani?