Tram 83 kwa wanafunzi wa sekondari: sawa au hapana?

Mwalimu wa Katuba: Ndugu zangu wa Lubumbashi, ninafundisha Kifaransa mwaka wa sita. Nimewapa wanafunzi Tram 83 ya Fiston Mwanza Mujila, mwana wa mji huu, aliyezaliwa hapa 1981. Mzazi mmoja amemfuata prefe, mkuu wa shule, na kitabu mkononi, kurasa amezikunja pembe, anasema ni kitabu cha baa na umalaya. Mimi naona ni kitabu cha machimbo na cha reli. Lucien, mwandishi, anatafuta nafasi ya kuandika katika mji ambao kila mtu akili yake iko kwenye madini. Mnasemaje? Na ninyi mnasoma nini siku hizi?

Mama wa Golf: Mwalimu, mimi nimekisoma chote, usidhani nasema kwa kusikia. Wasichana wadogo wanauzwa humo na hakuna anayeshtuka, hata msimulizi mwenyewe. Mwandishi anaishi Graz, Austria, mbali na sisi tunaolea watoto hapa. Kama ni riwaya ya mtu wa Katanga, mpeni mtoto Mudimbe: Entre les eaux ya 1973, padre anaacha parokia anaingia msituni na waasi. Hapo kuna jambo la kujadili. Hiki kingine, vijana wa komini ya Kenya hapa mjini hawasomi kitu, wataruka kurasa kutafuta uchafu tu.

Mwana-Kenya: Mama, tuheshimiane. Komini ya Kenya imekukosea nini? Mi niko muntu wa kule, na batoto ba Kenya banasoma! Kitabu moya tunakata uzi ya mgongo, kila muntu anabeba kipande yake, siku ya posho tunabadirishana. Mi nilianza hii Tram 83 katikati sababu mwanzo ilikuwa kwa mwenzangu. Mwenye kununua kizima kwa bei ya mufuko wa unga, asituseme mubaya.

Kijana wa Bel-Air: Kitabu kilichoshinda zawadi ya Booker kinakatazwa nyumbani kwake! Aibu.

Mpanga Vitabu: Hakikushinda. Kilikuwa kwenye orodha ndefu ya Man Booker International, 2016. Kilichoshinda ni Etisalat ya 2015, zawadi iliyoanzishwa Nigeria. Na hata kingeshinda zote, zawadi haimwambii mzazi ampe nini mtoto wake.

Mama wa Golf: Asante kwa hilo la mwisho. Na wewe Mwana-Kenya, sikukutaja wewe.

Mwana-Kenya: Ulitaja komini. Mi niko ndani yake.

Mshi wa Kadutu: Naingia kutoka Bukavu. Ninasoma Peponi, ile ya Gurnah aliyepata Nobel 2021, kwa tafsiri ya Ida Hadjivayanis. Kiswahili kinateleza kama maji. Sasa nikisoma «batoto» na «kitabu moya» hapa juu, najiuliza mnabishana riwaya gani. Jifunzeni Kiswahili kwanza.

Mwana-Kenya: Mshi, huko Kadutu munasemaka Kiswahili ya Zanzibar sokoni? Acha hiyo.

Mzee wa Kamalondo: Mshi, mwanangu, pole pole. Mwaka 1965 André Yav aliandika historia ya mji huu, uliokuwa ukiitwa Elisabethville, kwa Kiswahili hiki hiki unachokicheka, Vocabulaire de la ville d'Elisabethville, kwa niaba ya waliokuwa wakiwapikia na kuwafulia wazungu. Si riwaya, lakini nani mwingine alituandikia namna boi alivyouona mji? Wasomi wa Ulaya ndio waliokuja kukichapa upya kwa heshima. Sisi wenyewe tunaona haya.

Mshi wa Kadutu: Mzee, shikamoo. Sicheki. Lakini mtu akiandika riwaya kwa Kiswahili hicho, Dar watamsoma? Nairobi watamsoma? Hata Uvira watalalamika.

Mzee wa Kamalondo: Lubumbashi watamsoma. Mji huu ni mdogo kwako?

Mpanga Vitabu: Mchapishaji yuko wapi, mzee? Tram 83 imetoka Paris, kwa Métailié, 2014. Katiba ya 2006 inakitaja Kiswahili lugha ya taifa, haitaji mashine ya kuchapa. Mimi napanga vitabu chini, kando ya barabara, najua mkono wa mteja unakwenda wapi: kwanza vitabu vya maombi, halafu vya namna ya kuwa tajiri. Kitabu cha Zamenga Batukezanga kikitokea, hata bila jalada, hakifiki jioni.

Mwalimu wa Katuba: Jamani, swali langu. Rosa Mistika ya Kezilahabi ilitoka 1971, ikapigwa marufuku katika shule za Tanzania kwa sababu hizi hizi, baadaye ikaruhusiwa. Kwa nini sisi tuanzie pale pale kwenye marufuku?

Kijana wa Bel-Air: Zamenga? Bado watu wanasoma Zamenga? Hizo ni hadithi za kumfundisha mtoto adabu, si fasihi.

Mama wa Golf: Mdogo wangu, hapo umegusa kidonda. Zamenga ndiye aliyenifanya nipende kusoma. Mama yangu alikuwa anakificha kitabu chini ya godoro ili nimalize vyombo kwanza. Watu wa Kinshasa, wa Kananga, wa hapa, wote walijiona humo: uchawi, mahari, mtu aliyerudi Ulaya hajui tena kusalimia. Usimguse.

Mwana-Kenya: Mama, hapo niko na wewe. Zamenga asiguswe.

Kijana wa Bel-Air: Basi nitajieni ukurasa mmoja wa Zamenga unaofikia namna Mujila anavyoipigisha sentensi kama bendi ya jazi. Mmoja.

Mpanga Vitabu: Bel-Air yote haijawahi kuninunulia Zamenga hata mmoja, halafu mnampima. Njoo uchukue, usome, ndipo tubishane.

Kijana wa Bel-Air: Unauza bei gani?

Mpanga Vitabu: Kwako, baada ya hayo uliyosema, bei kamili.