Nyumba ya komwe: gumzo la kikundi cha familia ya Tanga, "Wa Chumbageni"

*Jumanne*

Shangazi Mwajuma, 19:42
Hamisi mwanangu tangu juzi nakupigia hupokei. U mzima?

Juma, 19:50
Mzima shangazi, mchana nilimuona yupo hewani 😂

Hamisi, 22:14
Shikamooni wakubwa wote. Nisameheni, ndo natoka ofisini. Niko Mtumba hapa Dodoma, kituoni nangojea daladala ya Ihumwa, tumebaki watu watatu na mbwa.

Shangazi Mwajuma, 22:15
Marahaba. Saa nne hii mnahesabu nini?

Hamisi, 22:18
Mwaka wa fedha unafungwa tarehe 30 Juni, shangazi. Kila idara inataka ilipe kabla ya hapo. Mimi nina wiki ya saba tu hapa, mfumo wenyewe sijauzoea. Hati ya malipo ikirudishwa naanza moja.

Zuhura, 22:19
Umekula?

Hamisi, 22:19
Chipsi kavu.

Zuhura, 22:19
Na jana?

Hamisi, 22:20
Chipsi mayai.

Juma, 22:20
Kaka umeshuka daraja 😂

Zuhura, 22:21
Juma tulia. Watoto umeongea nao?

Hamisi, 22:24
Walipiga saa moja nikiwa kikaoni. Nikipiga mimi wameshalala. Mama yao hana neno, simsingizii, ni muda tu haukutani. Jumamosi nilitaka niende Dar, nauli ya treni 31,000 nishaiweka pembeni, nikaambiwa mpaka Julai Jumamosi ni siku ya kazi.

Zuhura, 22:26
Wale wanaamka saa kumi na moja na nusu, basi la shule linapita kumi na mbili na robo. Wewe saa hiyo si uko macho? Piga asubuhi wakivaa viatu. Hata dakika tano.

Hamisi, 22:27
Sikuliwaza hilo, dada.

Shangazi Mwajuma, 22:31
Mimi linalonishinda ni moja. Miezi mitatu haijatimia tangu mtoe talaka, kazi mpya, chumba kipya, mji wa vumbi. Halafu nasikia mtu kahama na BAO. Friji kaacha, makochi kaacha, kapanda basi na bao mapajani!

Hamisi, 22:32
Bao la babu hilo, shangazi, na mbegu zake za komwe za kuchezea. Mninga ule. Makochi yanauzwa kila kona.

Shangazi Mwajuma, 22:33
Nyumba ya kweli imevunjika, wewe unalinda nyumba ya komwe.

Zuhura, 22:33
Shangazi jamani.

*Ujumbe huu umefutwa*

Juma, 22:35
Tumeshausoma shangazi 🙈

Hamisi, 22:44
Muacheni, hajakosea. Nishapanda gari, ngoja niwaambie.
Jumapili nilikuwa peke yangu chumbani. Meza sina, bao nimeliweka juu ya ndoo ya maji, nimeifunika sinia. Nikapanga komwe: 6 nyumbani, lile shimo kuu, 2 na 2 mashimo ya pembeni yake, za mkononi 22, na upande wa pili vilevile. Zinagoma. Nahesabu tena, 63 badala ya 64. Nimepekua mabegi, nimekung'uta godoro, komwe moja haipo. Mwisho nikakata kifungo cha shati nikakitia badala yake, nikacheza pande zote mbili, naizunguka ndoo kama mganga.
Saa mbili zile sikuwaza hati wala hakimu. Basi. Ndo faida yake yote, sina nyingine ya kuwatajia.

Juma, 22:45
Shati lipi hilo?

Hamisi, 22:45
La kazini. Leo bosi kaniuliza mbona tumbo nje.

Zuhura, 22:46
😂😂 Yarabi

Baba, 22:52
Umeangalia lile shimo la akiba upande wa kulia hunasa

Hamisi, 22:53
Shikamoo baba. Nimeangalia. Hamna.

Baba, 22:58
Marahaba. Kucheza peke yako ni kujidanganya mkono wa kushoto hauwezi kumuibia wa kulia. Mimi ubao ninao hapa. Mkono mmoja kwa siku. Usiku ukifika ndani unatuma wako asubuhi natuma wangu. Usinijibu kabla hujala chakula cha mtu mzima

Baba, 23:06
Nanamua yaani natia kete moja shimo la pili kutoka kulia natakata yaani nazigawa bila kula kwenda kushoto. Ya mwisho imelala mbele ya nyumba yako. Sasa lala na wewe

Juma, 23:07
Mzee kaanza na shari!

*Jumatano*

Hamisi, 06:09
Nimeongea nao. Mdogo kang'oka jino, kanionyesha pengo mpaka simu ikajaa mate.

Zuhura, 06:11
❤️

Shangazi Mwajuma, 17:20
Nimemtuma mjukuu Raskazone, kaniletea mfuko wa komwe na mikono imechanika, maganda yake miiba mitupu. Kesho nampa kondakta wa basi la Dodoma. Hamisi uwe na simu mkononi, usije ukaniambia ulikuwa kikaoni.

Hamisi, 21:31
Shangazi, mfuko mzima? Mie napungukiwa moja tu.

Shangazi Mwajuma, 21:32
Moja ya kwako. Watoto wakija likizo wachezee nini, hati za malipo?

Juma, 21:33
Na kifungo kirudi tumboni 😂

Hamisi, 21:40
Baba, nimekula wali maharage na mchicha, dada ana picha. Natia kete nyumbani, naila hiyo moja yako, nimeilaza kichwa cha kushoto, shimo la mwisho. Nyumba sasa ina 7.

Baba, 21:41
Nimeiona

Shangazi Mwajuma, 21:42
Ndo nini hiyo, kamfunga?

Baba, 21:42
Mwajuma nyamaza nafikiri