Majina ya sosi kwa Kifaransa: mliyashikaje?

Binti_Makorora
Wakuu, habari za leo. Nahudumia wateja kwenye mgahawa hapa Lyon. Kifaransa cha salamu na cha kununua tiketi ninacho, shida ni vikorombwezo vya mezani: haradali, siki, sosi za nyama. Nimeandika orodha ndefu daftarini, nikifika mezani haikai kichwani. Mliofanya kazi hizi, mlianzia wapi?

Muuza_Friti_Brussels
Dada, hiyo orodha iweke kando. Mteja hatamki "moutarde" (haradali) tupu, anasema "de la moutarde", tena kwa haraka kama neno moja. Lishike hivyo hivyo. Mayonesi na krimu nazo ni "de la". Chumvi, siki, siagi na ketchup ni "du". Mafuta ni "de l'huile". Sosi zenye majina yake, yaani béarnaise, hollandaise, tartare, zote ni "la", kwa sababu "sauce" (sosi) yenyewe ni jina la kike, "la". Hapo umeshapunguza nusu ya kazi.

Pa kuwa macho ni kwenye pilipili. "Poivre" ni pilipili manga, inakaa pamoja na chumvi. "Piment" ndiyo ya kuwasha. "Poivron" ni hoho. Mfaransa akiomba poivre ukampelekea piment, bakshishi isahau. Huku Ubelgiji kidogo tuna nafuu: ukisema "pili-pili" unaeleweka, neno lilikuja kutoka Kongo. Huko Lyon usilitegemee.

Mama_Sufuria
Mwanangu, pika! Béarnaise moja tu inakupa vinaigre (siki), échalote (vile vitunguu vidogo virefu), estragon (majani ya kiungo), jaune d'œuf (kiini cha yai) na beurre (siagi). Ukishasimama jikoni unakoroga viini vya mayai juu ya moto mdogo, huku unaomba Mungu visigande, "jaune d'œuf" hulisahau tena. Vinaigrette, sosi ya saladi, ni rahisi zaidi: vijiko 3 vya mafuta kwa kijiko 1 cha siki, na haradali kidogo. Ya Dijon onja kwa adabu, inapanda puani.

Binti_Makorora
Asanteni sana, shikamoo Mama. Na "à part" je? Naisikia kila siku kwa wanaoagiza nyama.

Muuza_Friti_Brussels
"La sauce à part" ni sosi iwekwe pembeni, kwenye kibakuli chake. Waambie jikoni kabla sahani haijatoka, maana wapishi wakishamwagia, wewe ndiye utakayerudishwa nayo.