"Hii peleka Mwaloni": kuna msimamizi wa fizikia hapa Mwanza nikikutana naye leo sijui itakuwaje

Karabai_Bovu (mleta uzi):
Wakuu, mnamjua. Yule yule, shati limenyooshwa mpaka linakata, kalamu nyekundu mfukoni kama bastola. Karatasi ya mada ya insha ya utafiti ya dogo imerudi saa nne hii. Swali la utafiti limepigwa msalaba kona hadi kona, na pembeni kaandika maneno matatu: "Hii peleka Mwaloni."

Mwaloni! Sokoni, kwenye dagaa!

Mada yenyewe: mwanga wa taa ya kuvulia dagaa unapungua kwa kiasi gani kila maji ya ziwa yanapoongezeka sentimita 10, na rangi ya taa inabadilisha nini? Sasa nambieni ubaya wake uko wapi. Bomba la plastiki la inchi 4, urefu mita moja na nusu, chini limezibwa kwa kioo na silikoni, ndani limepakwa rangi nyeusi isiyong'aa ili kuta zisirudishe mwanga. Taa ya LED imefungwa juu, haisogei. Simu iko chini ya kioo inasoma laksi, yaani kipimo cha mwanga. Unamimina maji ya ziwa, kila sentimita 10 ni kama mililita 800, unasoma mara tano, unaongeza. Unazima taa, unasoma mwanga wa chumba, unautoa. Ukichora logi asilia ya mwanga dhidi ya kina, mstari ukinyooka, mteremko wake ndio kiwango cha maji kula mwanga. Kikiwa 1.5 kwa mita, basi mita moja chini imebaki asilimia 22, mita mbili asilimia 5. Mvuvi anaelewa, mtahini anaelewa, samaki mwenyewe anaelewa. Yeye: Mwaloni.

Na mnajua kapendekeza nini badala yake? "Mashimo meusi na hatima ya ulimwengu." Kwa insha ya maneno 4,000! Picha ya kwanza ya shimo jeusi, lile la M87, ilitangazwa Aprili 2019, na ilibidi darubini nane za mabara tofauti ziunganishwe. Dogo ana rula ya sentimita 30 na simu iliyopasuka kioo. Atapima nini? Atanakili ensaiklopidia, halafu huyo huyo bwana atamwandikia "uchambuzi wako uko wapi". Kwa wino ule ule mwekundu.

Hii. Peleka. Mwaloni. Nimeisoma mara arobaini na bado inauma kama mwiba wa sangara kooni.

Sato_Mkaango:
Nimewahi siti ya mbele. Muuza kahawa pita huku.

FundiWaya:
Mkuu futa povu kwanza. Matusi kakosea, ila hiyo mada ni mbili zimevaa shati moja. Kina ni kimoja, rangi ni kingine. Chagua. Mimi ningeshika rangi: kina kibaki sentimita 60, ubadilishe nyekundu, kijani, buluu. Maji yenye mwani na uchafu wa majani kama yetu yanakula buluu vibaya, kijani ndiyo inafika mbali. Dogo akitabiri kinyume halafu data zimkatae, hapo ndipo insha inaanza kuwa tamu.

Na taa iwashwe dakika 10 kabla ya kusoma chochote. LED ikipata joto mwanga wake unashuka, na betri nayo ikichoka unashuka tena, halafu mtu anasema maji ndiyo yamekula. Soma mwanga bila maji mwanzo na mwisho. Zikitofautiana, rudia yote.

Karabai_Bovu:
FundiWaya, hayo angeyaandika yeye pembeni ningemnunulia soda. Kaandika nini? Haya, semeni wote kwa pamoja.

Sato_Mkaango:
HII PELEKA MWALONIIII

Jiwe_Juu_ya_Jiwe:
Mwangaluka wadau. Samahani mleta uzi, bomba lako lina ugonjwa ambao hujauona. Mwanga ukiingia majini unapinda kuelekea wima, kwa hiyo unatawanyika kidogo kuliko ulivyotawanyika hewani. Mita moja ya maji, kwa habari ya kutawanyika, ni kama sentimita 75 za hewa. Maana yake ukimimina maji safi kabisa simu inaweza kusoma mwanga UMEPANDA. Dogo atadhani amegundua nishati mpya.

Dawa: fanya mzunguko mzima kwa maji safi kwanza, kina kile kile, kisha gawanya usomaji wa maji ya ziwa kwa wa maji safi. Kupinda kunajifuta, unabaki na kile ambacho ziwa limeongeza.

La pili, tope. Linatua juu ya kioo, na simu yako iko hapo hapo chini yake. Ukisubiri dakika tano umepima tope, hukupima maji. Koroga, hesabu sekunde 15 mapovu yatoke, soma, koroga tena.

Karabai_Bovu:
Wewe uko upande gani lakini? Nimekuja kulia msiba, wewe unakagua jeneza.

(La kugawanya nimelichukua.)

Jiwe_Juu_ya_Jiwe:
Jeneza lilikuwa linavuja mkuu.

Mama_Pendulamu:
Nyie mna bahati ya msalaba mwekundu. Kuna mmoja, naye mnamjua, hapigi msalaba kabisa. Darasa zima kawapa pendulamu. WOTE. Urefu wa uzi dhidi ya muda wa mzunguko, jambo ambalo mwanasayansi Huygens alilimaliza 1673. Maneno 4,000 ya kuthibitisha kwamba uzi mrefu unakwenda polepole!

Kama ni lazima iwe pendulamu, basi iachiwe kwa pembe kubwa. Ile kanuni ya vitabuni inafaa pembe ndogo tu. Ukiachia kwa nyuzi 60 muda unaongezeka kama asilimia 7 juu ya kanuni, kwa nyuzi 10 hata asilimia robo haufiki. Ila mtego uko hapa: huwezi kuhesabu mizunguko 20 ugawe, maana pembe inapungua kila mzunguko. Chukua miwili mitatu ya mwanzo, kwa video ya fremu 240 kwa sekunde. Saa ya kubonyeza kwa kidole haiwezi, kidole peke yake kinachelewa sehemu mbili za kumi za sekunde.

FundiWaya:
Mama, pendulamu afadhali. Kuna yule wa "pembe bora ya paneli ya sola Mwanza". Ndugu yangu, tuko nyuzi 2.5 kusini mwa ikweta! Jua la mchana likiwa karibu na utosi, kuinamisha paneli nyuzi 10 kunapunguza mwanga asilimia 1.5 tu. Wingu moja kutoka ziwani linapita, asilimia 40 imekwenda. Umepima wingu.

Apime joto la paneli badala yake. Paneli za silikoni hupoteza kama asilimia 0.4 ya nguvu kwa kila nyuzi moja. Kutoka 25 mpaka 60 ni asilimia 14, hiyo inaonekana hata kwa mita ya bei chee. Iwe ndani ya chumba kwa taa isiyosogea, na kipimajoto kibandikwe mgongoni mwa paneli, si mbele.

Bugando_Mteremkoni:
Mimi wangu ni wa kipimajoto. Dogo kachemsha maji, yamegota 96. Kaambiwa kifaa kibovu, kata alama. Jamani ziwa lenyewe liko mita zaidi ya 1,130 juu ya usawa wa bahari! Maji hapa HAYAFIKI 100 kwenye sufuria iliyo wazi. Hiyo yenyewe ilikuwa mada: achukue masomo ufukweni na juu ya kilima… ingawa tofauti ya mita 100 ni theluthi moja tu ya nyuzi, atahitaji kipimajoto cha desimali mbili.

Mama_Pendulamu:
Kukatwa alama kwa kusema kweli, hiyo imezidi ya Mwaloni.

Karabai_Bovu:
Haijazidi! Msihamishe uzi wangu. Maneno matatu, wino mwekundu,

Sato_Mkaango:
Mkuu tumeshaelewa. Swali langu: LED ya rangi gani inavuta dagaa zaidi? Shemeji ana mtumbwi.

FundiWaya:
Shemeji aanze na kijani. Ila asikilize, kufika mbali si kuvuta. Dagaa hawajasoma fizikia.

Bugando_Mteremkoni:
Mkiwapata msiwaanike mchangani kama wale wa juzi. Kula ni kutafuna kokoto. Chanja zipo, hewa inapita juu na chini, wanakauka haraka.

Sato_Mkaango:
Wa mchangani bei yao rahisi lakini.

Mama_Pendulamu:
Na jino je, bei gani?

Karabai_Bovu:
Wakuu… bomba la inchi 4, kipande cha mita moja na nusu tu, nani anauza vipande? Madukani wananilazimisha ninunue zima.

Sato_Mkaango:
Nenda Mwaloni, utapata.