Fundi wa kusafisha filamu kaniulia Kilwa yangu! Eti "1600" alidhani ni bei

Wakuu, naandika mikono ikitetemeka, nimetoka pale sasa hivi. Yule bwana mnamjua, hakuna mpiga filamu hapa mjini ambaye hajapita kwenye kaunta yake. Jina sitaji.

Nilienda Kilwa Kisiwani. Basi, boti, jua la kupasua fuvu. Pale Msikiti Mkuu, upande wa kaskazini wa zamani paa halipo, jua linamwagika lote. Ukiingia kusini, kwenye nyongeza ya karne ya 14, chini ya kuba zile, ni kivuli kizito. Nina filamu ya HP5 ya 400 tu (namba hiyo ni uwezo wa filamu kunasa mwanga). Kwa 400 kipimo kinanipa sekunde 1/8, na mkono mtupu hautulii hapo. Nikaiweka kamera 1600, kana kwamba filamu inanasa mwanga mara nne zaidi, nikapata 1/30, nikaegemea ukuta, nikabana pumzi. Picha 36! Ukipiga hivyo, msafishaji lazima aiache filamu kwenye dawa muda mrefu zaidi, ndiko kusukuma hatua mbili. Nikaandika juu ya mkebe kwa kalamu nyekundu, tarakimu za kuonekana kutoka Mafia: 1600.

Leo nafungua bahasha, negativi nyepesi kama mfuko wa nailoni! Nguzo hazipo, kuba hazipo, kimebaki kipande cha jua mlangoni. Namuuliza, maandishi hukuyaona? Anajibu:

"Niliyaona. Nilidhani ni bei."

BEI! Hata uso hakuinua, anafuta mkasi wake. Nimepanda daladala, konda akataja nauli, nikasikia "nilidhani ni bei". Na kama alidhani ni bei, mbona hakunitoza 1600? Kanitoza bei yake kamili!

Pwagu wa Pwani: Pole mkuu, ila nimecheka mpaka watoto wameamka. NILIDHANI NI BEI 😂😂

Lenzi Kuukuu: Kosa lako mleta uzi. Jengo la mawe lenye giza unabeba stendi na filamu ya 100, unafungua shata taratibu. Ukivuka sekunde 1 filamu inachoka, unaongeza muda juu ya kipimo. Kusukuma ni uvivu.

Mleta uzi: Stendi ningeipakia wapi kwenye boti ile, kichwani kwa nahodha? Na kusukuma kwenyewe hakukufanyika! KASEMA NI BEI!

Mama Kashata: Huyo huyo alikata picha ya harusi yangu, akabakiza bwana harusi na nusu ya shela.

Bin Bahari: Afadhali nyie. Mimi nilikuwa Fort Jesus, Mombasa, mwenzangu kafungua mgongo wa kamera juani eti aone tumefika picha ya ngapi. Ngome imeanza kujengwa 1593 ipo hadi leo, roli yangu haikumaliza sekunde tano.

Pwagu wa Pwani: Huyo mwenzako bado anakula kwako?

Bin Bahari: Ni shemeji yangu, nifanyeje.

Kiuno 38: Tarakimu zinawashinda mafundi wote. Nilimwandikia wa cherehani 38 ya kiuno, akaniambia alidhani ni urefu. Suruali inaishia kwenye goti.

Mama Kashata: Yule wa karibu na kituo cha daladala? Ana kitenge changu tangu Idi!

Kiuno 38: Huyo huyo! Kila ukienda, "njoo kesho jioni".

Lenzi Kuukuu: Kumbe na nyie? Kanzu yangu ipo pale huu mwezi wa tatu sasa. Mama Kashata, fungua uzi wake, tunakuja.